Uzi: Wimbo wa mhamiaji kuisifu nchi iliyompokea, unavyotungwa na kupangwa kwa mtindo wa dansi

Mtaa_wa_Dansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa aina moja tu ya wimbo: ule ambao mwanamuziki aliyehamia nchi ya watu anaitungia nchi hiyo. Dar es Salaam ina hazina kubwa ya jambo hili, kwa sababu tangu miaka ya 1970 ilipokea wanamuziki wengi kutoka Kongo, iliyokuwa Zaire wakati huo. Kuna Orchestra Maquis, Orchestra Makassy, Ndala Kasheba, King Kiki, na juu ya wote kwa upande wa maneno, Dokta Remmy Ongala.

Kwa vijana ambao hawakumkuta: Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar mwaka 1978 kupiga na Makassy, kisha akaenda Matimila, bendi ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Mwaka 1988 walizunguka Ulaya na tamasha la WOMAD, wakatoa albamu mbili chini ya lebo ya Real World, mwaka 1989 na 1992. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala kule Sinza bado kinaitwa Kwa Remmy. Mtu aliyezaliwa Kindu, leo konda wa Dar anamtaja kila siku. Ukitaka kujua kama nchi ilimkubali mgeni wake, jibu ni hilo.

Sasa zipo bendi za wahamiaji na watoto wao zinazotaka kutunga wimbo wa namna hii, na nyingi zinatoa kitu kinachofanana na tangazo la utalii. Naomba wenye ujuzi wa maneno, magitaa, studio na haki waandike kwa vipimo, si kwa jumlajumla.

---

Mtunzi_Ujiji

Mkuu, umegusa penyewe. Naanza na maneno kwa sababu ndiko wimbo unakofia.

Kosa kubwa ni kuisifu nchi kwa vitu ambavyo mwenyeji anavijua kuliko wewe. Mlima Kilimanjaro, Serengeti, amani na utulivu: msikilizaji anavisikia tangu darasa la kwanza, havimwambii chochote kuhusu wewe uliyekuja. Mgeni ana kitu kimoja ambacho mwenyeji hana, nacho ni siku aliyopokelewa. Wimbo uanzie hapo. Tafuta deni moja: nani alikupa nini, wapi, saa ngapi. Moja tu. Ukiweka madeni matano, msikilizaji hashiki hata moja.

Mfano wa beti, mizani 8 kwa 8, vina vya "ni" kati na mwisho:

Nilishuka bandarini, gitaa li mgongoni,
Senti sina mfukoni, na ndugu sina mjini,
Mama dagaa sokoni, kasema, kaa jamvini,
Leo nipo jukwaani, naye yupo ukumbini.

Hakuna neno "asante" humo, hakuna "nchi nzuri", wala jina la nchi halijatajwa. Jina la nchi au la mji liache kwa kiitikio, na kiitikio kiwe kifupi kiasi kwamba mtu aliyekaa meza ya mwisho anakidaka mara ya pili: "Kigoma, ulinipokea." Basi. Kiongozi anaimba, waitikiaji wanarudia, mara nne.

Beti tatu zinatosha. Ya kwanza kufika, ya pili kuishi, na ya tatu kile unachoirudishia nchi. Hii ya tatu ndiyo wengi wanaikwepa, halafu wimbo unabaki wa mtu anayeomba. Aliyekaa nchini miaka 20, amesomesha watoto na kulipa kodi, aimbe kama mwenye nyumba. Remmy aliimba matatizo ya wanyonge wa Dar, na wimbo wake wa kondomu RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) hawakuupiga. Hiyo nayo ni heshima kwa nchi, tena ya juu, maana mtu hajisumbui kuonya nyumba asiyoihesabu kuwa yake.

---

Chalz_wa_Mbezi

Kaka Mtunzi, hapo kwa kutotaja vitu sikubaliani nawe moja kwa moja. Nyimbo za kutaja mikoa yote watu wanazipenda, kila mmoja anasubiri kwao kutajwe apige kelele. Na kumtaja kiongozi aliyewasaidia wageni kuna ubaya gani?

---

Mtunzi_Ujiji

Ndugu yangu Chalz, kelele za ukumbini ni kweli zipo. Shida ni kwamba orodha inachacha. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe. Sasa tuna 31, yaani 26 Bara na 5 Zanzibar. Wimbo uliotaja mikoa yote mwaka 2010 leo umewaacha watu wa mikoa mitano nje, na ndio hao watakaouliza "na sisi je?" Kama lazima utaje mahali, taja pale ulipopita kwa miguu yako: Kigoma, Kasulu, Tabora, Morogoro, Dar. Hiyo ni njia, na njia haipitwi na wakati.

Majina ya viongozi ni vivyo hivyo. Albamu ya Mambo ya mwaka 1992 ina wimbo unaoitwa Mrema, jina la Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule. Mwaka 1995 Augustine Mrema huyohuyo alikuwa mgombea urais wa NCCR-Mageuzi dhidi ya chama alichokuwa waziri wake. Jina halikubadilika, ila maana yake kwa msikilizaji iligeuka ndani ya miaka mitatu. Mwimbaji mwenyeji anaweza kubeba mzigo huo. Mhamiaji, ambaye hata uraia wake unaweza kuwa bado mezani, anajitwisha siasa ambayo wimbo haukuihitaji.

---

Dada_Solfa

Nawaongezea jambo ambalo watunzi wanaotoka kwenye Kifaransa, Kilingala au Kirundi wanalikosea sana: mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki ukikaza pengine mwenyeji anasikia lugha imepinda hata kama hawezi kusema kwa nini.

Chukua "Tanzania". Mkazo uko kwenye "ni". Wengi wanaweka "Tan" kwenye pigo la kwanza na kuivuta, kisha "zania" inakimbizwa. Fanya hivi: "Tan-za" ziwe noti mbili fupi kabla ya pigo la kwanza, "ni" iangukie pigo la kwanza na ivutwe pigo moja na nusu, "a" imalizie. "Kigoma" vilevile, "Ki" itangulie na "go" itue.

Angalieni pia maneno yanayoongezwa "ni" mwishoni. Nyumba, mkazo "nyu". Nyumbani, mkazo unahamia "mba". Kama beti ya kwanza ina "nyumba" na ya pili ina "nyumbani" kwenye melodi ileile, moja itaumia. Hapo usilazimishe, badilisha neno au sogeza noti. Beti ya Mtunzi imekaa vizuri kwa sababu kila nusu mstari inaishia kwa "ni" isiyokazwa, hivyo melodi moja inabeba mistari yote minne: panda kwenye silabi ya saba, shuka kwenye ya nane.

Kuhusu mahali pa kupumua, mizani 8 ziingie ndani ya bari mbili za 4/4 (kila bari ni mapigo manne), lakini msijaze bari zote mbili. Maneno yaishe pigo la pili au la tatu la bari ya pili, hapo ndipo gitaa la solo linajibu. Mtunzi akijaza nafasi yote, mpiga solo atapiga juu ya sauti, na mtagombana studio.

---

RithimuKavu

Asante dada, umenifungulia mlango. Magitaa sasa.

Msimamo wangu ni huu: maneno yawe ya nchi mpya, magitaa yaachwe na ukongo wake. Maquis hawakuficha walikotoka, walipiga vile walivyojua huku wakiimba Kiswahili, na Dar ikacheza. Mhamiaji anayejaribu kupiga kila kitu kienyeji anaitupa zawadi aliyokuja nayo.

Magitaa matatu, yaani rithimu la chini, sekondi solo la kati na solo la juu, pamoja na besi. Tuseme sauti ni C, mzunguko C, F, G, F, bari moja kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa kama kundi moja). Rithimu ikae freti ya 1 hadi ya 5, ipige arpejio kavu (noti za kodi mojamoja), kiganja kimegusa waya karibu na daraja. Sekondi solo katikati, solo juu. Kwenye kodi ya C, solo ikitembea waya wa kwanza freti 12, 13, 15 (E, F, G), sekondi solo ishike waya huohuo freti 8, 10, 12 (C, D, E). Ni noti ya tatu kwenda chini ukihesabu na ile ya solo, na hapo ndipo ule mlio wa magitaa mawili kuzungumza unapotoka. Kinachoharibu ni magitaa yote matatu kukutana freti ya 5 hadi ya 8. Mkiyasikia yote ni uji mmoja, msiongeze sauti ya mtu. Hamisheni mikono.

Besi isikanyage pigo la kwanza kila bari. Iliache wazi mara kwa mara, iingie "na" ya pigo la pili, yaani katikati ya pigo la pili na la tatu. Mpiga besi aliyezoea kwaya anajaza kila pigo, na wimbo unakuwa wa kuandamana badala ya kucheza.

Kwa mlio wa Kikongo hasa, rithimu au sekondi solo ifungwe mi-composé: unatoa waya wa nne, ile D nene, unaweka waya mwembamba uliopandishwa oktava moja juu.

---

Kijana_wa_Gitaa

Mzee RithimuKavu, shikamoo. Huo waya wa nne ni namba ngapi, na kwa nini ukifungwa unapiga kelele kama nzi kwenye kodi zisizobanwa?

---

RithimuKavu

Marahaba kijana. Tumia waya wa kwanza wa kawaida, 0.010. Unafungwa D iliyo juu ya waya wa pili, yaani toni moja chini ya waya wa kwanza. Usiuvute hadi E, huhitaji, na utakatika.

Kelele inatoka kwenye nati ya juu, kile kipande chenye mifereji ya waya kichwani mwa gitaa. Mfereji wa waya wa nne ulichongwa kwa waya wa kama 0.026, sasa umeweka mwembamba, unacheza ndani na kukaa chini mno, kwa hiyo unagusa freti ya kwanza. Kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa chini ya waya kinatosha kwa onyesho moja. Dawa ya kudumu ni nati nyingine iliyochongwa mfereji mwembamba. Usijaze gundi kwenye nati ya zamani kama siku moja utataka kurudisha D nene.

Jambo la pili: waya mwembamba unavuta kidogo kuliko ule uliotoka. Kwenye gitaa lenye daraja la springi, waya nyingine tano zitapanda. Funga zote upya mara mbili au tatu hadi zitulie, na ufanye hivyo siku moja kabla, si nusu saa kabla ya kupanda jukwaani.

---

MzeeWaTumba

Vijana, msisahau mwendo. Beti ziwe mapigo 104 hadi 112 kwa dakika, chemko (ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kucheza) 126 hadi 132. Chini ya 100 wimbo wa shukrani unageuka maombolezo.

Kwa mapigo 108: utangulizi bari 8, kila beti bari 16, kila kiitikio bari 8. Beti tatu na viitikio vitatu na utangulizi ni bari 80, kama dakika tatu hivi. Chemko la bari 64 kwa mapigo 128 ni dakika mbili kamili. Jumla dakika tano. Zaidi ya hapo ni kwa ukumbini.

Kwenye beti, mpiga dramu asipige sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) wazi. Fimbo ilale juu ya ukingo, ipige mdundo wa klave: mapigo matatu bari ya kwanza, mawili bari ya pili. Tumba ijaze katikati. Sneya ifunguke chemko likiingia, si kabla, maana ukifungua mapema chemko halina pa kwenda.

Kuhama mwendo kufanyike kwa bari moja ya dramu peke yake, magitaa yote kimya. Kuongeza mwendo polepole ndani ya bari nne au nane kunasikika kama bendi inakimbia bila kukusudia.

---

FundiMitambo

Hapo kwa bari ya dramu naomba maprodyuza wasome mara mbili. Studio nyingi zinawapa bendi kliki (mlio wa kuhesabia mwendo) moja tangu mwanzo hadi mwisho, na chemko linazaliwa limekufa. Weka 108 hadi bari ya 80, bari ya 81 ya dramu iwe tayari kwenye 128, endelea.

Zama za RTD bendi nzima ilikaa chumba kimoja na maikrofoni chache, wakapiga pamoja mwanzo mwisho. Ndiyo maana kanda zile zina uhai. Huna haja ya kurudi huko kabisa, lakini rekodi dramu, besi na rithimu kwa pamoja, wakitazamana. Solo, sekondi solo na sauti ziongezwe baadaye. Ukirekodi besi peke yake juu ya kliki, ile nafasi wazi ya pigo la kwanza mpiga besi anaiogopa na kuijaza.

Vipimo: 24 biti, 48 kHz, vilele kati ya desibeli -12 na -6. Magitaa yawe safi, bila mkwaruzo, mwangwi mdogo. Solo peleka kulia kiasi, sekondi solo kushoto kiasi hichohicho, rithimu karibu na katikati. Kisha bonyeza mono usikilize: kama gitaa moja limepotea, kuna maikrofoni mbili zinazopingana mawimbi, geuza moja.

Waitikiaji watatu, kila mmoja arekodi mara mbili. Hiyo ni sauti sita, inatosha kusikika kama ukumbi. Mwimbaji kiongozi arekodiwe mara moja tu kwenye beti, bila kurudufiwa. Anasimulia, na msimulizi ni mmoja.

Spika ya simu haitoi besi ya chini ya kama 200 Hz, na wengi watausikia wimbo kwenye simu. Ongeza kidogo 700 hadi 1,000 Hz kwenye besi ili noti zifuatike hata mtetemo usipokuwepo. Ukimaliza, kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) kinafaa mitandaoni. Kubana hadi -8 kunaua tumba kwanza kabla ya kitu kingine.

---

HakiZaMsanii

Wakuu, kabla ya studio kuna karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake wajukuu wanahusika, na kwenye bendi za dansi ugomvi huanzia hapo: mtu alileta maneno, mwingine melodi, mpiga solo akatunga ile sehemu ya chemko ambayo ndiyo watu wanaimba kwa mdomo. Andikeni mgawanyo siku ya mazoezi, jumla ifike 100, kila mmoja asaini kwa jina la kwenye kitambulisho. "Wimbo wa bendi" si jina la mtunzi, bendi ikivunjika jina hilo halina mtu wa kudai. Kisha sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wasanii wenyewe BASATA, baraza la sanaa la taifa.

Kwa wimbo wa kuisifu nchi kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza ni jalada. Bendera na nembo ya taifa vinalindwa na sheria ya nembo za taifa, na kuvitumia kibiashara kunahitaji kibali. Piga picha ya bandari, soko, ziwa. Wa pili ni kuchomeka wimbo wa taifa kwenye chemko. Melodi ni ya Enoch Sontonga, ya mwaka 1897, haina tena mwenye kuidai malipo, lakini ukiipiga ukumbini watu wanajiuliza wasimame au waendelee kucheza. Tena Zambia na Afrika Kusini nao wana melodi hiyohiyo, kwa hiyo haimtambulishi Mtanzania peke yake.

---

Binti_Mishamo

Naomba swali kwa niaba ya vikundi vya huku Katavi na Tabora. Mnajua kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wapo wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na takriban 162,000 walipewa uraia. Je, beti moja kwa lugha ya nyumbani inaruhusiwa, au inavunja heshima ya wimbo?

---

Mtunzi_Ujiji

Dada, haivunji, inaupa uzito. Ila iwekwe mahali pake. Beti ya kwanza iwe Kiswahili ili mwenyeji aingie ndani. Lugha ya nyumbani ije mistari minne mwishoni mwa beti ya pili au mwanzoni mwa chemko, na kiitikio cha Kiswahili kifuate papo hapo kikibeba maana ileile. Ikizidi mistari minne, msikilizaji anaanza kuhisi anasengenywa.

Na kwenye chemko, rapa (anayetoa maneno ya kuchangamsha juu ya magitaa) asiuze majina. Desturi ya Kongo ya kulipwa ili utaje jina la tajiri inaeleweka kwenye nyimbo nyingine, lakini wimbo wa shukrani ukitaja duka la mtu, mama dagaa wa beti ya kwanza anageuka tangazo. Rapa ataje vituo vya njia aliyopita mhamiaji, kwa mpangilio, kila kimoja bari mbili.

---

FundiMitambo

Niongeze la redio. Watangazaji wengi hawapigi dakika tano. Tengenezeni toleo la pili la kama dakika tatu: anzeni na kiitikio bari 4 tu, beti ya kwanza, kiitikio, beti ya tatu, kiitikio, halafu chemko la bari 32. Beti ya pili ndiyo inayokatwa, kwa hiyo kundi la Binti_Mishamo waweke mistari yao ya Kirundi mwanzoni mwa chemko, ndani ya zile bari 32, isije ikabaki nje. Na kila toleo lipewe ISRC yake, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, tarakimu na herufi 12, maana ukitumia moja kwa matoleo mawili hesabu za kupigwa zinachanganyika na hujui redio ilipiga lipi.